Mlimpa nani? Barua ya wazi kwa kampuni iliyosambaza taarifa zangu

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Wajumbe wa Bodi,
na Ofisa wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi

YAH: KUSAMBAZWA KWA TAARIFA ZANGU ZA AFYA BILA RIDHAA YANGU, NA MIEZI SABA YA KUTOJIBIWA

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimekwisha kuandika. Nimetuma barua pepe tano. Nimejaza fomu yenu ya malalamiko mara mbili. Nimepiga simu huduma kwa wateja mara ambazo sikuzihesabu. Nilichovuna ni majibu matatu yaliyoandikwa na mashine, namba ya shauri, na ujumbe unaoniomba niwape nyota kwa huduma niliyopata. Jina la kampuni yenu silitaji hapa. Mkisoma mtajitambua, na nadhani hamtakuwa peke yenu.

Nianze na yaliyotokea, kwa kuwa kwenye fomu yenu kulikuwa na nafasi ya herufi mia tano tu na hayakuenea.

Mwaka jana nilijisajili kwenye programu yenu ili niweke miadi ya vipimo vya afya. Mliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, aina ya kipimo, na mtu wa karibu wa kupigiwa ikitokea dharura. Nikamwandika mama yangu. Nilikuwa najaza kwa simu, nikiwa na haraka, kidole kikateleza: jina langu la ukoo lina L, nikaandika R. Nilipogundua niliomba lirekebishwe. Halikurekebishwa, nami nikaliacha.

Wiki ya tatu baada ya vipimo simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa muuza virutubisho, akaniita kwa jina langu lenye R. Wa pili alikuwa wa bima, naye R. Zikafuata jumbe za matangazo, zote R. Ndugu Mkurugenzi, hakuna mahali pengine popote ambapo jina langu limeandikwa hivyo: si kwenye kitambulisho, si benki, si kazini. Herufi hiyo ilizaliwa kwenye fomu yenu. Ikifika kwa mtu mwingine, imetoka kwenu.

Nilimwuliza mmoja wa wapigaji, kijana aliyeongea kwa adabu, namba yangu ameipata wapi. Akasema, "Mfumo unatuletea tu, dada, sisi hatujui." Namwamini. Yeye alikuwa kazini, na wala simlalamikii.

Kisha akapigiwa mama.

Mpigaji alimwuliza kama angependa kumnunulia binti yake dawa ya kusaidia maradhi fulani, akayataja kwa jina. Mimi nilikuwa bado sijamwambia mama. Nilikuwa nasubiri majibu ya kipimo cha pili. Nilitaka tukae wawili, siku ambayo ningekuwa na nguvu ya kumjibu maswali yake, nimwambie kwa kinywa changu. Badala yake alinipigia usiku, hakusalimia, akauliza neno moja: "Mwanangu, ni kweli?" Majibu ya kipimo cha pili yalipotoka hali haikuwa mbaya kama tulivyohofia, namshukuru Mungu. Lakini zilikuwa zimeshapita wiki mbili ambazo mama yangu hakulala, na mimi nilinyang'anywa kitu ambacho fidia hairudishi: haki ya kuchagua saa na maneno ya kumpa mzazi wangu habari hiyo.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Taarifa nilizitoa kwa kazi moja, mkazitumia kwa nyingine.

Niliwapa namba ili mnikumbushe miadi. Niliwapa aina ya kipimo ili mtaalamu ajiandae. Basi. Kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani isigeuziwe lengo lingine bila mwenyewe kukubali si hoja ya jana. Imo katika miongozo ya faragha iliyotolewa na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, mwaka 1980, na imo katika Mkataba namba 108 wa Baraza la Ulaya uliofunguliwa kwa kutiwa saini tarehe 28 Januari 1981, wakati ambapo wengi wa wafanyakazi wenu walikuwa hawajazaliwa. Nasi katika Kiswahili tunalo neno la kitu ulichokabidhiwa ukitunze: amana. Aliyepewa amana hapewi ruhusa ya kuikodisha. Mwenyewe akija kuiulizia, haulizwi anaitakia nini.

2. Mama yangu hakuwa mteja wenu.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, na ndilo ambalo majibu yenu ya mashine hayajaligusa hata mara moja. Mimi mnaweza kubishana nami kuhusu nilichobonyeza. Mama hakubonyeza chochote. Hajawahi kufungua programu yenu, wala hakujua kwamba ipo. Namba yake iliingia kwenu kwa sababu moja tu, kwamba nikizimia mlangoni pa maabara awepo mtu wa kuambiwa. Na nyinyi mkaiweka kwenye kapu moja na namba za kuuziwa bidhaa. Mimi niliyeiandika nimebeba lawama yangu, na nimemwomba radhi. Nyinyi bado.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wa aina ya mama yangu ni wengi kuliko mnavyofikiri. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilipovamiwa na wadukuzi mwaka 2017, taarifa za watu wapatao milioni 147 zilifichuka, na wengi wao hawakuwahi kukaa chini wakajisajili kwa kampuni hiyo. Taarifa zao zilikuwa zimefikishwa pale na wengine: mabenki, wakopeshaji, kampuni za kadi za mkopo. Kila nakala mnayoitoa ni mlango mmoja zaidi wa kuvunjwa, na mwenye taarifa hajui hata mlango huo uko upande gani wa nyumba.

3. Hadi leo sijui mlimpa nani.

Ndugu Mkurugenzi, kama kuna sehemu moja ya barua hii ninayoomba uisome mara mbili, ni hii. Sera yenu ya faragha inasema taarifa zangu zinaweza kushirikishwa kwa "washirika wetu wanaoaminika". Nimewauliza mara tano ni akina nani hao. Jibu la kwanza lilinirudisha kwenye sera. La pili lilinipa makundi: "watoa huduma za masoko, wachambuzi na taasisi za fedha". Hilo si jibu. Ukimkuta mtu ametoa ufunguo wa chumba chako, hukubali akuambie ameutoa kwa "majirani na watu wengine". Unataka jina.

Na si mimi tu ninayetaka jina. Raia mmoja wa Austria aliiuliza posta ya nchi yake imewapa akina nani taarifa zake, akajibiwa kwa makundi kama nilivyojibiwa mimi. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 12 Januari 2023 mahakama ikaamua kwamba mtu akiuliza, ana haki ya kutajiwa wapokeaji wenyewe. Makundi yanatosha pale tu ambapo wapokeaji hawawezi kutambulika, au ombi lenyewe halina msingi au limepita kiasi. Ombi langu lina msingi wa herufi moja, na nimeliambatanisha pamoja na picha za jumbe kumi na moja.

Msiniambie hamna orodha. Taarifa haziruki zenyewe. Kuna mkataba, kuna faili lililotumwa au mfumo uliounganishwa na mwingine, kuna tarehe, kuna mtu aliyeidhinisha, na mara nyingi kuna ankara. Kampuni inayoweza kuniambia sekunde niliyofungua tangazo lake haishindwi kuniambia nani amepewa jina langu.

4. Kuingia ni dakika nne, kutoka ni mwezi mzima.

Nilipoamua kujiondoa, kitufe cha kufuta akaunti hakikuwepo kwenye mipangilio. Kilikuwa ndani ya ukurasa wa maswali ya mara kwa mara, chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu. Nilipokibonyeza mliniuliza sababu, mkanionyesha ninavyovikosa, mkanipa chaguo la "kupumzisha" akaunti, kisha mkanitaka nipige picha ya kitambulisho changu pande zote mbili na picha ya uso wangu. Kwa hiyo ili msiwe na taarifa zangu, niwape nyingine mlizokuwa hamna. Wakati wa kujisajili hamkuhitaji uso wangu. Nilitambulika kwa namba ya simu na msimbo wa tarakimu sita, na namba ni ileile.

Usumbufu wa namna hii unapimika, na wapo waliolipia. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kwenye tovuti zao kuvikubali vidakuzi, yaani vifaili vinavyomfuatilia mtu mtandaoni, kulihitaji mbofyo mmoja ilhali kuvikataa kulihitaji mibofyo kadhaa. Tofauti ya mibofyo tu. Mimi mmenidai uso.

5. Hakuna mtu wa kuongea naye.

Roboti yenu ya mazungumzo ina jina la kike na picha inayotabasamu. Nilipoandika neno "malalamiko" ilinipa orodha ya vifurushi vya vipimo. Sina zaidi.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia kwa vipande.

Mtasema nilikubali masharti. Nilikubali yapi? Nimerudi kwenye ukurasa wa kujisajili nikaukagua: kisanduku cha kushirikisha taarifa kwa washirika kilikuwa na tiki tayari kabla sijakigusa. Mahakama hiyohiyo ya Umoja wa Ulaya ilisema tarehe 1 Oktoba 2019, katika shauri la Planet49, kampuni iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni, kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekwa tiki si ridhaa. Kukubali ni tendo la mwenyewe. Na kama mnashikilia kwamba nilipaswa kusoma sera yote kabla, basi fikirini wapi mtu atapata muda huo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikadiria kwamba Mmarekani akitaka kusoma sera za faragha za tovuti zote anazotembelea angehitaji saa zipatazo 244 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa kabla simu zetu hazijajaa programu. Ya kwenu nimeisoma yote sasa, mara mbili. Ya kwanza nilisoma nikitafuta jibu. Ya pili nilisoma nikiwa na kalamu, nikapigia mstari kila penye "tunaweza". Pako kila aya.

Mtasema hamuuzi taarifa za wateja. Sentensi hiyo mmeiweka ukurasa wa mbele, na inawezekana ni kweli kwa maana finyu kwamba hakuna aliyewalipa fedha taslimu kwa jina langu. Lakini kutoa taarifa ili upate matangazo yenye shabaha, au punguzo, au mteja mpya, ni kunufaika nazo vilevile. BetterHelp, huduma ya ushauri wa afya ya akili kwa njia ya mtandao, iliwaahidi watu kwamba taarifa zao za afya zingebaki siri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilisema kampuni hiyo ilipeleka barua pepe za watu na taarifa za dodoso walizojaza kwa Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest kwa ajili ya matangazo. Ilitakiwa kulipa dola milioni 7.8 ili warudishiwe wateja. Watu wale walikuwa wamekwenda kutafuta msaada wakiwa wamevunjika moyo. Ninawaelewa vizuri zaidi sasa.

Mtasema taarifa zinatolewa bila majina. Za kwangu zilikuwa na jina, tena lenye kosa, kwa hiyo hoja hiyo kwangu imekufa. Lakini hata kwa wenzangu ambao majina yao mliyaondoa, haitoshi. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba huenda asilimia 87 ya watu wa Marekani wanatambulika kwa mambo matatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maneno yapatayo milioni 20 yaliyotafutwa na watu wapatao 650,000 kwenye mtandao wake, kila jina likiwa limebadilishwa kuwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times wakamtambua mtu mmoja nyuma ya namba yake, kwa kufuata alichokuwa akikitafuta. Mtu ukimwondolea jina lakini ukamwachia umri wake, mtaa wake na ugonjwa wake, umemficha kwa wasiomjua tu.

Mtasema kosa ni la mshirika. Inawezekana. Mimi simjui mshirika huyo, sikumchagua, na hata leo hamtaki kunitajia jina lake. Niliyemkabidhi ni nyinyi.

Na kama yupo mwanasheria wenu atakayesema sheria haiwalazimishi, namwomba atazame dunia inakoelekea. Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2013, Umoja wa Ulaya 2016, Brazil 2018, Kenya 2019, Tanzania 2022. Lakini kwa kweli sikutaka tufike kwenye sheria. Nilitaka mtu anipigie simu aseme, "Tumeona kilichotokea, tunaangalia." Kwa miezi mitano ya kwanza hilo lingenitosha.

Jambo moja la haki lazima niliseme. Mtaalamu aliyenichukua damu alinipokea vizuri, alinieleza kila hatua, na aliponiona natetemeka alisogeza kiti akaniambia nisiangalie sindano. Majibu alinipa akiwa amefunga mlango. Mtu huyo anajua maana ya siri ya mgonjwa, na aliitunza. Aliyeiachia ni mfumo wa ofisi ambayo haijawahi kuniona. Tena vipimo vile nililipia, kwa hiyo msije mkaniambia taarifa zangu ndizo malipo ya huduma ya bure.

Ninaomba yafuatayo, ndani ya siku 30 kuanzia leo:

1. Orodha ya kila aliyepokea taarifa zangu na za mama yangu: jina la kampuni, tarehe, taarifa gani hasa, na kwa lengo gani. Majina, si makundi.

2. Nakala kamili ya kila mlichonacho kunihusu, pamoja na mlichokisia wenyewe. Kama mfumo wenu umeniweka kwenye kundi la watu wenye maradhi fulani, nataka kuliona kundi hilo linaitwaje.

3. Namba ya mama yangu ifutwe leo. Yake isisubiri siku 30.

4. Muwaandikie wote mliowapa, muwatake wafute, na mnitumie nakala ya barua hizo. Kufuta kwenu peke yenu hakunisaidii ikiwa nakala zimebaki kwa madalali wa taarifa, nao wana wateja wao.

5. Namba ya mtu wa dharura itenganishwe na kila kitu kinachohusu matangazo, kwa wateja wote. Sidai hili kwa ajili yangu. Kwangu limekwisha kutokea.

6. Kisanduku cha kushirikisha taarifa kiwe kitupu mtu anapojisajili, na kitufe cha kufuta akaunti kikae kwenye mipangilio, pasipo kudai kitambulisho kwa mtu ambaye hamkumdai alipoingia.

7. Mtu mwenye jina na cheo ampigie mama yangu amwombe radhi. Ujumbe wa mashine asitumiwe. Akitumiwa nitautangaza hapa.

Sidai fedha katika barua hii. Siku 30 zikipita bila orodha, nitapeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi pamoja na barua pepe zote tano, majibu yenu matatu na zile jumbe kumi na moja zenye R. Orodha ikija, nitaandika hadharani vilevile kwamba imekuja.

Namba ya shauri mnayo. Namba ya simu pia mnayo. Mkipiga, nitapokea.

Wasalaam,

Mteja wenu

Nakala: Mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi; chama cha kutetea haki za walaji; mama